Punje Saba

Umerudi na maji kwenye nyusi,
mvua ya kwanza ya Kongwa bado inachuruzika mbawani,
unacheka, Chilongani, kama mtoto aliyekwepa fimbo.
Watu wa Kibaigwa wametoka madukani, mikono juu:
miezi minane hawajasikia bati likipigwa.
Mimi sijatazama mbingu.
Nimetazama panga boi.

Nimepitisha kidole gumba ukingo wa mbele,
kuanzia kitovuni kwenda nje.
Kwenye shina ni laini, kama nilivyokukabidhi Septemba.
Katikati, chenga.
Nchani, Mungu wangu, nchani
ni gunzi lililolala na panya.
Rangi imekwenda, gundi imekwenda,
nyuzi za kaboni zimesimama kama nywele za mgonjwa.

"Dakika kumi na moja tu," unasema.
"Manyunyu."

Manyunyu kwako, uliyeketi nyuma ya kioo.
Tone la mvua halina ubaya na mtu.
Hushuka kwenye jani la mtama, likateleza, likalala.
Si lenyewe lililokuja kugonga;
ncha ya panga boi ndiyo iliyolifuata
mita mia mbili kwa sekunde,
na kwa mwendo huo maji husahau kuwa ni maji,
huwa kokoto.
Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo.
Hawakusema kuna siku shoka litakuwa mvua
na gogo ndilo litakalolikimbilia.

Mimi kazi hii nilijifunzia matangi.
Miaka tisa pale Bahi, fibaglasi hadi kwenye kope,
nikizuia maji yasitoke.
Ukaja na mchoro mfukoni mwa shati, una madoa ya chai,
ukaniuliza:
"Mama Nyemo, unaweza kuyazuia yasiingie?"
Nikasema ndiyo kabla sijalielewa swali.

Sasa nalielewa.
Ndani ya zile nyuzi kuna moyo wa msonobari,
niliugundisha mwenyewe, tabaka kwa tabaka.
Ufa mwembamba kuliko uzi wa buibui unatosha:
maji huingia bila hodi,
msonobari hunywa, huvimba,
bapa moja likalizidi jenzake,
na injini ikatetemeka kama mtu mwenye homa
anayeapa kwamba haumwi.

Kwa hiyo usininunulie soda. Keti.
Nimeliweka juu ya chuma cha mizani.
Kushoto kumeshuka. Nikaweka punje ya mtama kulia,
ya pili, ya tano.
Punje saba ndipo likatulia.
Hicho ndicho manyunyu yako yalichokula,
na hapo nahesabu tu kile ambacho kulia kumezidiwa na kushoto.

Nitapiga msasa, nitajaza, nitapaka.
Unipe siku sita, maana gundi nayo
haipendi hewa yenye unyevu.
Nitabandika utepe ukingoni.
Utachanika. Ndiyo kazi yake,
uchanike wenyewe kabla ya kilicho chini yake.
Ukikutana na wingu, punguza mizunguko, chelewa;
ng'ombe wa Mpwapwa watasubiri chanjo.
Ukitua, liache mlalo,
kama mishale ya saa tatu na robo,
maji yasijikusanye bapa la chini.
Lifunike. Mifuko ya mbolea ile pale.

Umeondoka bila kuniaga vizuri. Najua.
Miaka sita umeijenga ndege hiyo ndani ya ghala la mahindi,
na siku iliyokubeba kwenye mvua
nimekuonyesha gunzi.

Usiku inanyesha tena.
Jirani yangu Mbeleje anafukia mbegu kwa tochi ya simu.
Nami nina ekari mbili za alizeti kule Pandambili,
zinanidai mvua hii hadi alfajiri.
Nimesimama mlangoni mwa ghala,
kiganja juu ya bapa, nasikiliza bati.

Miezi minane nimeiombea mvua hii, kanisani, kwa sauti.
Sikumwambia Mungu
kwamba nina panga boi.